Mtu Yuko Majini

"Mama, shuka kituo kinachofuata. Nakuomba."

"Unanifukuza?"

"Sikufukuzi, mama. Daraja lina matatizo. Shuka, nitakutumia gari."

Upande wa pili nilisikia magurudumu ya treni, mtoto wa mtu akilia, na mama yangu akivuta pumzi kama anavyofanya kila anapojiandaa kunipasha.

"Mara ya kwanza nilipotaka kuja ukasema mafuriko. Mara ya pili ukasema huyo kijana wako ana homa. Leo daraja. Kesho utasema nini, reli imeibiwa?"

"Leo nasema kweli, mama."

"Kwa hiyo siku zile ulikuwa unanidanganya."

Nilikuwa nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

"Nakuja," akasema. "Nitamtazama machoni huyo mzamiaji wako nimwambie akuache. Nikishamwambia, daraja lenu na lianguke likitaka."

Simu ikakatika. Nilipiga tena, haikupokelewa. Namjua mama yangu. Akishakasirika huitia simu kwenye mkoba, na mkoba huukalia.

Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa mto, chini ya daraja la reli, mkono mmoja una simu, mkono wa pili una jani. Jani lenyewe lilikuwa la kawaida tu, bichi, limekunjika na kujaa tope. Lakini tangu nilipoliona, sikuweza kulitupa.

Mimi ni mhandisi wa maji wa reli. Watu wakisikia hivyo hudhani nauza maji stesheni. Kazi yangu ni kujua maji yanataka kupita wapi na kuyapisha kabla hayajajipisha yenyewe. Nilianza na mitaro ya stesheni iliyozibwa na takataka, nikaja kwenye makalavati yanayopitisha maji chini ya tuta, na mwisho nikakabidhiwa madaraja. Hapo ndipo usingizi ulipoanza kunipaa. Daraja la reli haliangushwi kwa kusukumwa. Huchimbwa miguuni. Maji ya mafuriko yakifika kwenye nguzo huzunguka, na yakizunguka hufukua mchanga, na wewe uliye juu huoni chochote.

Asubuhi ile mafuriko yalikuwa yamepungua. Tulishusha nondo ndefu yenye alama kando ya nguzo ya pili, tukaisindilia mpaka ikasimama. Alama zilionyesha ardhi ya mto iko pale pale ilipokuwa kabla ya mvua. Nilifurahi kama mjinga. Nikampigia meneja nikamwambia daraja ni salama, treni ya abiria ipite. Vibarua wakapanda lori wakaenda zao. Mimi nikabaki naifuta nondo, maana sipendi kifaa kilale na tope, ndipo nikaliona jani limenata kwenye ncha.

Ncha ile ilikuwa imeingia ndani kabisa ya ardhi ya mto. Ardhi iliyolala hapo tangu enzi za mababu haina majani mabichi. Maana yake ilikuwa moja tu. Mafuriko yalichimba shimo kwenye nguzo, na yalipopungua yakalifukia yenyewe kwa tope jipya. Nilikuwa nimepima tope la jana nikaliita ardhi. Nguzo ya pili, yenye kubeba reli mbili na treni nzima, ilikuwa imesimama kwenye uji.

Nilimpigia meneja palepale.

"Bosi, izuie treni."

"Si umesema salama?"

"Nimekosea. Nimekuta jani bichi kwenye ncha ya nondo. Chini kumefukiwa upya."

"Jani?"

"Ndiyo, bosi. Jani."

Akasema kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa, "Mhandisi, abiria wale wamelala stesheni kwa sababu ya mafuriko. Nimewatangazia safari kwa kipimo chako. Sasa unataka niwarudishe kwa jani? Nipe kipimo kingine, nitaizuia. Hofu siwezi kuiandikia ripoti."

Akakata. Siku hiyo kila mtu alikuwa ananikatia simu.

"Amekataaje?" iliuliza sauti nyuma yangu.

Sikugeuka. Sauti ile naijua hata nikiwa usingizini. Kambare alikuwa amekaa juu ya jiwe, vazi lake la kuzamia limevuliwa nusu, mikono ya vazi imefungwa kiunoni. Ndiyo, reli nzima inamwita Kambare, hata ofisi ya mishahara humwita hivyo. Kazi yake ni kushuka kwenye maji ya tope ambamo macho hayana kazi, kupapasa nguzo zangu kwa vidole, kisha kupanda na kuniambia alichokigusa. Nilimpenda kwa sababu hiyo kwanza. Kabla sijajua ana macho gani, nilijua ana vidole visivyosema uongo.

"Anataka kipimo," nikasema.

"Na mama?"

"Anakuja. Anasema nimezoea kudanganya."

"Si kweli?"

"Usinitanie leo. Nakuomba, leo usinitanie."

Akashuka kwenye jiwe akanisogelea. Alinitazama usoni muda mrefu, na mimi nikatazama koo lake, maana nikimtazama machoni ningelia. Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Asubuhi moja aliaga, akaenda kazini, na jioni walikuja watu wawili wamevua kofia. Mama alinilea peke yake kwa jasho lake, na ombi lake kwangu lilikuwa moja: nisiolewe na mtu ambaye kazi yake inaweza kumla. Nikaenda nikapenda mtu anayezama.

"Kanuni inasemaje, bosi?" akauliza taratibu.

"Kanuni ipi?"

"Unaijua."

Niliijua. Kila mtu wa reli anaijua. Mzamiaji akiwa chini ya daraja, bendera nyekundu inapanda na treni haipiti, kwa sababu mtikisiko wake unaweza kumporomoshea mawe. Na bendera ile haishushwi na mtu yeyote mpaka mzamiaji atoke. Mlinzi hawezi kuishusha, meneja hawezi, hata mwenye reli yake hawezi.

"Hapana," nikasema.

"Sijasema kitu."

"Nimekusikia. Hapana. Nitakwenda kusimama relini mwenyewe."

"Afande atakubeba kama gunia akuweke kando."

Tulitazama juu wote wawili. Mlinzi wa daraja, mtu wa kitambi tunayemwita Afande ingawa hajawahi kuwa askari, alikuwa ameegemea mlingoti wa bendera huku anatafuna mswaki.

"Afande!" nikapaza sauti. "Pandisha bendera!"

"Kuna mtu majini?"

"Hakuna, lakini..."

"Mhandisi, dada yangu, mimi amri yangu ni fupi. Mtu yuko majini, bendera juu. Mtu hayuko majini, bendera chini. Meneja amenipigia sasa hivi, kasema ukija na habari za majani nisikusikilize."

Mbali kabisa, nyuma ya vilima, honi ya treni ililia. Ililia kidogo tu, kama inakohoa. Nikashika bega la Kambare bila kujijua.

"Basi ingia hapa ukingoni," nikamwambia haraka haraka. "Maji ya magotini. Kaa tu. Atapandisha."

"Nikae mpaka lini? Nikitoka inashuka, treni inapita, tumefanya nini? Meneja anataka kipimo. Nakwenda kukileta. Kama kuna uji, mkono wangu utajua."

"Kuna mkondo bado."

"Nimeona."

"Mtungi wako wa hewa haujajazwa."

"Una nusu. Sikai kula chakula huko."

"Na nguzo ikikaa chini wakati uko pembeni yake? Hata bila treni! Unajua tope la namna hiyo? Ukilichokoza linakuporomokea. Litakufukia!" Sauti ilinipasuka. "Mama ameniambia utaniacha mjane kabla hujanioa, na mimi nimegombana naye mwaka mzima nikimwambia si kweli!"

Kwa mara ya kwanza hakunijibu kwa mzaha. Alivaa mikono ya vazi lake, mmoja baada ya mwingine, akageuza mgongo nimfunge zipu. Zipu ilikwama mara mbili.

"Mama yako yuko kwenye treni hiyo," akasema akiwa amenipa mgongo. "Na yule mtoto uliyemsikia analia. Ukiniambia nisiingie, siingii. Unajua siwezi kuingia bila mhandisi kusema."

Hiyo nayo ni kanuni. Mzamiaji haingii majini mpaka mhandisi aseme neno. Nimelisema neno hilo mara nyingi nikiwa nakunywa chai, nikiwa nacheka, nikiwa nasoma ujumbe kwenye simu. Siku hiyo lilikataa kutoka. Nilimgeuza. Nilitazama macho yake, yale yenye wekundu wa maji ya mito, nikayatazama kana kwamba nayakariri. Nilitamani anikatalie. Nilitamani aseme anaumwa, ana homa, kama nilivyokuwa nikimsingizia.

Honi ililia tena, karibu zaidi.

"Ingia," nikasema.

Akanibusu kwenye paji la uso, akaweka kinywa cha mtungi mdomoni, akaingia. Kamba ya kiunoni mwake ilianza kutambaa mikononi mwangu. Kwa kawaida mhandisi hashiki kamba, ina mtu wake, lakini mtu wake alikuwa kwenye lori na wenzake. Kichwa cheusi kilizama. Maji ya rangi ya kahawia yakajifunika juu yake kama hakuna kilichotokea.

"Mtu yuko majini!" nikapiga kelele.

Afande alitupa mswaki, akavuta. Bendera nyekundu ikapanda. Wakati ule ule treni ikatokeza kwenye kona.

Sikuthubutu kuitazama. Nilitazama kamba. Tuna lugha yetu ya kamba: mvuto mmoja niko sawa, miwili nilegezee, mingi nivute. Nilisikia breki zikianza kulia, chuma juu ya chuma, sauti ndefu ya kutia kichefuchefu, na chini ya sauti hiyo nilikuwa nasubiri mvuto mmoja. Ukaja. Nikajibu. Nikalegeza. Kamba ikaenda, ikaenda, ikasimama.

Treni ilisimama hatua chache kabla ya daraja. Injini yake ilikuwa inanguruma juu ya kichwa changu, na mchanga wa tuta ukawa unadondoka majini punje punje.

"Mwambie azime!" nilimpigia Afande kelele. "Anatikisa ardhi! Azime injini!"

Ikazimwa. Abiria walianza kushuka, nikasikia wanaulizana kuna nini, nani kafa. Mvuto mmoja. Niko sawa. Nikajibu. Nilihesabu pumzi zangu nikijifanya ni zake.

Halafu kamba ikafa.

Haikulegea. Ilikaza, ikawa kama imefungwa kwenye mwamba. Nilivuta mara moja kumuuliza. Kimya. Nikavuta tena. Kisha ukaja mtetemo mdogo mdogo mfululizo, kama samaki kwenye ndoana, na nikajua vidole vyake viko kwenye kamba na havina nafasi ya kuvuta zaidi ya hapo. Tope lilikuwa limemporomokea.

Nikavuta. Niliegemea nyuma kwa uzito wangu wote, visigino vikiserereka kwenye matope, na kamba haikunipa hata kidogo. Nilikuwa nalia kwa sauti sasa, nalia na kulitaja jina lake la kweli, ambalo hapo mtoni hakuna aliyelijua.

"We mtoto! Unafanya nini?"

Mama yangu alikuwa anateremka tuta la reli na mkoba wake kwapani, viatu mkononi, uso umejaa vita. Alikuwa ametembea kutoka behewa la mwisho akiwa na hotuba yake tayari kichwani. Alipofika karibu aliona kamba. Aliifuata kwa macho mpaka pale ilipoingia majini. Nikaona hotuba yote inamtoka usoni.

"Ni yeye?" akauliza.

"Ni yeye, mama. Amefukiwa. Hatoki!"

Mkoba uliangukia matopeni na viatu vikafuata. Alikuja nyuma yangu, akashika kamba, akapinda mgongo kama mtu anayeteka maji kisimani.

"Usivute kwa mikono, utachoka," alinifokea sikioni. "Vuta kwa kiuno. Haya! Na wewe mwenye kitambi huko juu, unangoja picha ipigwe? Shuka!"

Afande alishuka kwa makalio. Wanaume wawili wa kwenye treni wakashuka naye. Tukawa watano kwenye kamba moja, na mama yangu akaamrisha kama amezaliwa reli. "Haya! Tena! Haya! Tena!" Kamba ilikuwa inalia. Niliomba isikatike. Niliomba Mungu kwa maneno yasiyo na mpangilio, nikimwahidi vitu ambavyo sina.

Ikaachia ghafla, tukaanguka wote kinyumenyume, mama chini yangu. Kichwa cheusi kikatokeza. Kinywa cha mtungi kilikuwa kinaning'inia pembeni. Tulimburuta mpaka ukingoni, na kwa muda ambao sitaki kuukumbuka alilala chali, macho yamefumbwa, bila kufanya lolote. Mama akampindua kiubavu akampiga mgongoni kwa kiganja, kwa hasira, kama anamwadhibu.

"Pumua! Wewe! Usinifanyie mimi hivyo, pumua!"

Akatapika maji. Akakohoa. Akatapika tena.

Alipoweza kusema, alinitafuta kwa macho. "Mkono," akasema. "Nimepitisha mkono chini ya msingi. Mpaka begani. Hakuna ardhi. Uji mtupu, mpaka begani."

Afande alikuwa ameshatoa simu. "Bosi," akasema, huku anahema. "Ndiyo, ametoka. Lakini bendera haishuki. Sijali. Njoo uishushe mwenyewe, halafu upite juu ya daraja mwenyewe. Mkono wa mtu umepita chini ya msingi, bosi, umeelewa? Chini."

Juu yetu, kwenye tuta, abiria walikuwa wamesimama msururu mrefu. Mwanamke mmoja alikuwa amembeba mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa ameacha kulia. Walikuwa wanatazama zile reli mbili zilizonyooka juu ya nguzo ya pili. Mama naye alizitazama. Alizitazama muda mrefu, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha akakaa chini kwenye matope na nguo yake nzuri ya safari.

"Ningekuwa hapo," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nilikukatia simu."

"Ndiyo, mama."

Akajifuta uso kwa mgongo wa mkono, akaongeza tope juu ya tope. Akamgeukia Kambare. Kambare alijaribu kuinuka amsalimie, akashindwa.

"Lala hivyo hivyo," mama akasema. "Mimi sijakubali kitu. Nilikuja kukuambia neno, na neno lenyewe nimelisahau, likinirudia nitakwambia. Wewe, mwanangu, acha hiyo kamba umfunike huyu mtu, atapata kichomi."

Nilitaka kuiacha. Nilijitazama mikono. Ilikuwa imeikamata kamba kifuani kwangu, mishipa imesimama, kucha zimezama kwenye nyuzi, damu kidogo inachuruzika kwenye kiganja.

"Achia, mwanangu. Ameshatoka."

"Siwezi."

"Ameshatoka, mtazame, huyu hapa."

"Naona, mama. Siwezi. Haifunguki."

Hakunifokea. Alisogea kwa magoti, akaishika mikono yangu, akaanza kunifungua kidole kimoja kimoja, taratibu, kama alivyokuwa akinifungua ngumi nilipokuwa mdogo nikiota ndoto za baba. Nilikuwa natetemeka mpaka meno yanagongana. Alipomaliza mkono wa kulia hakuurudisha kwangu. Aliuvuta, akauweka juu ya kifua cha Kambare, akaukandamiza hapo kwa mkono wake mwenyewe.

"Basi shika hapa," akasema. "Usikie kama anapumua."

Nikashika. Chini ya lile vazi baridi moyo wake ulikuwa unakimbia, na mwili mzima ulikuwa unatetemeka kuliko wangu.